Punje Isiyokuwepo Ubaoni

Siku ya kwanza alipofika mezani kwake, Mizani alimhesabu miongoni mwa wale wateja wanaokuja sokoni kupoteza muda wa watu. Mgeni huyu alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mkunjo wa mkono umesimama kama makali ya kisu. Aliinama juu ya gunia la maharage meupe, akawa anaokota punje moja, anaitazama, anairudisha, anaokota nyingine.

"Kaka, unanunua au unachumbia?" Mizani alimwuliza.

"Nanunua, dada. Ila nataka yanayolingana."

"Yanayolingana na nini?"

"Yenyewe kwa yenyewe. Ukubwa mmoja. Na mekundu pia, ya ukubwa huohuo."

Mizani alikuwa ameona wateja wa kila namna: wanaochambua mawe, wanaotafuta wadudu, wanaonusa, wanaotafuna punje mbichi halafu wakasema watarudi kesho. Anayepanga maharage kwa kimo kama askari wa gwaride hakuwa amewahi kumwona.

"Ukichagua, bei inapanda," alisema. "Gunia nimelinunua na mazuri na mabaya yake. Ukiniondolea mazuri, hawa vibogoyo nitamwuzia nani?"

"Hiyo ni haki," mwanamume akajibu, akatoa pesa, akalipa.

Mizani akabaki ameduwaa. Alikuwa ametaja bei ya kuanzia tu, ile ya kumpa mtu nafasi ya kulalamika. Alihisi kama aliyesukuma mlango kwa bega akakuta umerudishiwa tu. Ili asionekane amekosea hatua, akakaza uso na kumpa onyo analowapa wote: "Na bidhaa ikitoka mezani kwangu hairudi."

"Hata ikiwaje?"

"Hata ikiwaje. Ukifika nyumbani ukakuta mkeo ameshapika wali, shauri yako."

"Sina mke. Nina mama. Naye hatayapika."

"Atayafanya nini?"

"Atalalamika," alisema mwanamume, bila hata kutabasamu.

Nyuma yake kicheko kilipasuka, na chai ikamwagika chini. Alikuwa mdogo wake Mizani, toka nitoke, ambaye soko zima lilimwita Birika kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akitembea bila birika mkononi. "Dada, huyu usimwachie aende," alisema. "Mwanamume anayelipa bila kubisha siku hizi utamtafuta kwa tochi. Shemeji, chai?"

Basi ikawa hivyo. Kwa Birika alikuwa shemeji tangu siku ile, ingawa kati yake na Mizani hapakuwa na lolote ila maharage. Kwa wengine wote akawa Punje.

Punje alikuwa amefundisha hesabu shule ya sekondari kwa miaka mingi kabla ofisi ya afya ya mji haijamchukua akae na takwimu zake. Walimpa chumba mwisho wa ukumbi, jirani na stoo ya vyandarua, chenye dirisha linalotazamana na ukuta. Kazi yake ilikuwa kukadiria maradhi yataelekea wapi na kwa kasi gani. Kompyuta ofisini ilikuwa moja, na haikutoka mikononi mwa karani wa mishahara, ambaye hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumsumbua. Punje hakugombana na mtu. Alichukua kipande cha ubao, akakichora miraba mingi kuliko ya drafti, akaenda sokoni kununua watu.

Hilo la kununua watu alilieleza mwenyewe, mchana mmoja soko lilipokuwa limepoa. Alikuja na ubao wake akauweka juu ya magunia, Mizani akasogea kwa udadisi wa kutaka kujua bidhaa yake inatumikaje.

"Kila punje nyeupe ni mtu asiyeumwa," Punje alisema. "Nyekundu anaumwa. Narusha sarafu mbili, kubwa na ndogo. Zikilala hivi, mtu anakwenda mraba wa juu. Zikilala vile, wa chini. Kushoto. Kulia. Kila mtu na zamu yake. Nyeupe na nyekundu wakikutana mraba mmoja narusha tena, nione kama ameambukizwa. Akiambukizwa natoa nyeupe naweka nyekundu. Baada ya muda nyekundu naiondoa ubaoni."

"Kwa nini?"

"Amepona. Au amekwenda."

"Amekwenda wapi?"

"Hesabu haiulizi."

"Basi hesabu yako haina adabu," alisema Birika, aliyekuwa anamimina chai huku amenyoosha shingo aone.

Mizani alitazama punje zikiyumba huku na huku, akaona kama anatukanwa. "Wateja wangu si walevi," alisema. "Mtu akiingia hapa anajua anataka nini."

"Yeye anajua. Mimi sijui. Nisichokijua nakiachia sarafu. Mmoja peke yake sarafu itanidanganya, dada, lakini wakiwa wengi makosa yanafutana, na wote kwa pamoja wanatawanyika kwa namna inayojulikana." Akaweka punje katikati ya ubao, akaitembeza. Ilikwenda, ikarudi, ikapita ilipotoka, ikarudi tena. "Unaona? Anayetembea hivi hafiki mbali, anajikanyaga mwenyewe. Ukitaka kwa kawaida afike mbali mara mbili, hutampa muda mara mbili. Utampa mara nne. Mara tatu, utampa mara tisa."

Hapo Mizani alielewa kuliko Punje alivyotarajia, kwa kuwa alikuwa amebishana na wenye malori maisha yake yote na alijua bei inayopanda haraka kuliko umbali. "Kwa hiyo ugonjwa ukibebwa na watu wa namna hii unatambaa."

"Unatambaa. Mara nyingi unakufa njiani. Ukibebwa na mtu anayekwenda moja kwa moja, unapanda gari."

Aliendelea kuja. Birika alimtania, Mizani alimpandishia bei, naye alilipa na kukaa juu ya kiti cha kibao na sarafu zake. Kusema kweli Mizani alianza kumtengea punje nzuri kabla hajafika. Angeulizwa angesema ni kutunza mteja.

Ndipo homa ya kifua ikaingia mjini. Ilianzia upande wa karakana, ikaingia mitaa ya juu, na habari zikafika sokoni kabla ya ugonjwa wenyewe: mkuu wa ofisi ya afya, ambaye watu walimwita Bwana Afya, amekwisha andaa amri ya kufunga soko.

Mizani alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara. Hakuhitaji kuambiwa maana ya soko kufungwa. Liliwahi kufungwa zamani, kwa ukarabati walioahidi kuwa wa muda mfupi. Walipofungua, magunia ya mama yake yalikuwa vumbi na wadudu, na mama mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Walichobaki nacho mabinti wawili kilikuwa kitambaa cha kutandika chini na birika. Mkubwa akachukua kitambaa, mdogo akachukua birika. Kila kitu alichokuwa nacho Mizani, meza, stoo, sauti yake kwenye mikutano, kilijengwa juu ya kitambaa kile. Hakuwa tayari kurudi chini.

Akamfuata Punje chumbani kwake, jirani na vyandarua.

"Nataka kitu cha kumwambia Bwana Afya," alisema. "Si machozi. Machozi hayanunui kitu pale. Nataka hesabu."

Punje alifikiri. Alisema ipo njia. Soko likigawanywa kwa kamba, upande wa nafaka peke yake, mboga peke yake, mitumba peke yake, mafundi peke yao, kila upande na mlango wake, basi watu wangeyumba ndani ya kizimba chao. Ugonjwa ukiingia kizimba kimoja ungezunguka humohumo mpaka uchoke. Alikuwa amejaribu ubaoni na ulikuwa unachoka. Lakini Bwana Afya angetaka kujua kama watu wa kweli wanatembea kama punje. Ilibidi wafuatiliwe. Punje alikuwa amekwisha pata mahali: roshani ya jengo la jirani, ghorofani, na darubini ya kuazima.

"Hapana," alisema Mizani.

"Hapana nini?"

"Hutakaa roshani. Watu wangu wakiona mtu wa serikali juu na darubini watasema ni kodi, watafunika meza, hutaona kitu. Halafu kutoka juu utaona vichwa tu. Kama unataka kujua tunavyotembea, shuka utembee na sisi. Nitakupitisha kila upande, nitasema ni mtu wangu."

"Nikishuka nitakuwa mmoja wa ninaowahesabu."

"Ndiyo utahesabu vizuri."

Punje alimtazama kama mtu aliyeanza sentensi kichwani na hajaona mwisho wake. Mizani aliujua mtazamo huo kwa wateja: ni wa mtu anayetaka kubisha. Akasubiri. Lakini Punje alikuwa mtu wa bei ya kwanza.

"Haya," alisema. "Nitashuka."

Mizani alitoka pale akijiona ameuza vizuri.

Mapatano na Bwana Afya yalikuwa magumu zaidi. Alikuwa mtu mnene, mchovu, aliyelala ofisini, na hakuamini maharage. Mizani alimwambia kwamba akifunga soko watu hawataacha kula. Wataenda kununua vichochoroni, malangoni mwa nyumba, mahali ambapo hana kamba, hana mlango, hana wa kumwuliza. "Hapa wote uko nao mkononi," alimwambia. "Ukitufunga utatutafuta mji mzima." Punje akaeleza ubao wake kwa sauti ya mwalimu. Bwana Afya akasugua macho, akasema atajaribu, na ugonjwa ukivuka kamba hata mara moja tu, atafunga siku hiyohiyo.

Kamba zikafungwa. Amri ikawa moja: hakuna wa kuvuka, awe mwuzaji, mpagazi au mteja. Aliyeruhusiwa kupita kila upande alikuwa Punje peke yake, na kitambulisho cha ofisi kifuani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufuatilia na kuleta habari.

Aliifanya kama alivyofanya mambo yake yote, kwa uaminifu unaochosha. Asubuhi alitia mkono kwenye kopo lake la maharage bila kutazama, akatoa punje mbili moja baada ya nyingine, rangi zake zikamwambia aende upande upi kwanza, na mtu wa kwanza kuingia mlango wa upande huo akawa wake. Akamfuata hatua kwa hatua, kwa karibu, aandike anasimama wapi na anageukia wapi. Mama mmoja aliyekuja kununua uzi alimgeukia akamwambia: "Mwambie mume wangu aje mwenyewe." Fundi viatu alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza, akamkalisha kwenye kigoda chake goti kwa goti, akamsimulia maisha yake yote na ya mbwa wa jirani. Soko likamzoea. Watoto wa shule waliiga mwendo wake.

Birika peke yake ndiye aliyelalamika. Kamba zilimbakiza upande wa nafaka tu, yeye aliyezoea kuzunguka soko zima. "Shemeji, umenifunga kama mbuzi," alimwambia. "Mafundi wangu wanakunywa maji sasa. Unajua fundi akinywa maji viatu vinakuwaje?"

Alisema kwa mzaha, lakini Punje hakuwa mtu wa kuelewa mzaha mpaka mwisho. Lilimkaa moyoni. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kazi alikunywa chai ya Birika, na kila jioni akirudi kutoka pande zote alipita tena akanywa, akakaa naye ukingoni mwa meza, ili apunguze ile hasara aliyomtia. Alikuwa na kikohozi kidogo. Walisema ni vumbi la unga. Birika akawa anamtilia limau.

"Umwoe basi tujue moja," alimwambia siku moja, akimwonyesha dada yake kwa kidevu. "Limau langu linakwisha bure."

"Hataniuzia," alisema Punje.

Birika akacheka mpaka akashika mbavu. Ndiyo mara pekee watu walimsikia Punje akichekesha kwa makusudi, na alitazama chini kwa haya kama aliyetukana.

Fundi viatu akalala kwa homa. Haikushtua mtu sana. Ilikuwa upande wa mafundi, kamba zipo. Kisha mwuza mchicha, upande wa mboga. Kisha mtu wa mitumba. Ugonjwa ulikuwa umevuka, na hakuna aliyeona umevukia wapi.

Wale wa mwanzo hawakuzidiwa, walikuwa wakiendelea kupata nafuu majumbani mwao. Mizani alishikilia hilo. Alimwambia Bwana Afya kwamba wote watatu hawakuambukizwa sokoni. Fundi aliupata kwa shemeji yake wa karakana, mwuza mchicha kwenye gari la mizigo. Alisema kwa uso mkavu, kama anavyoapa kwamba maharage ni ya msimu huu. Bwana Afya hakuwa na ushahidi wa kumbishia. Akampa siku chache.

Katika siku hizo Punje alikuja mezani, uso umemwingia ndani.

"Nipe harage jeusi," alisema.

"Kiasi gani?"

"Moja."

"Moja haliuzwi. Utaniaibisha." Mizani alipekua kwenye ungo wa mabaki akapata moja, jeusi tii, akamtupia kiganjani. "Chukua bure. La nini?"

"Kuna mtu nimemsahau ubaoni."

Mizani hakumwuliza ni nani. Nyuma yake, Birika alikuwa ameketi juu ya gunia, jambo asilofanya kamwe saa za kazi, birika liko chini, naye ameegemea ukuta akisema jua la leo lina ukali gani.

Birika alipolazwa, wodini hawakuruhusu mtu kuingia. Palikuwa na dirisha la kioo upande wa uani, limepakwa rangi nyeupe nusu ya chini, na Mizani alisimama juu ya tofali ili aone. Kitanda cha mdogo wake kilikuwa cha pili kutoka ukutani. Siku ya kwanza Birika aliweza kugeuka. Alimwonyesha kwa mikono kwamba chai ya humo ni maji ya kuoshea vikombe. Siku iliyofuata alimwonyesha kidole kifua chake, kisha akakunja ngumi, na Mizani hakuelewa kama anasema kinabana au anasema yeye ni imara. Alikubali kwa kichwa, kwa kuwa hakujua la kufanya. Mara ya mwisho alipomwona, mdogo wake alikuwa amelala na uso umeelekea upande wa pili, mkono umening'inia nje ya shuka, vidole vimejikunja kidogo, namna vinavyojikunja kwenye mpini wa birika.

Asubuhi muuguzi alitoka uani kabla Mizani hajapanda juu ya tofali. Alikuwa msichana mdogo. "Mama," alisema, "mgonjwa wako amekwenda."

Mizani alisikia nyuma ya kichwa chake sauti ya Birika ikisema kwamba hesabu haina adabu.

Walizika haraka, watu wachache, waliotengana. Soko halikufungwa. Birika alikuwa amekaa upande wa nafaka, dada yake aliishi naye nyumba moja, na Bwana Afya alipouliza, Mizani alijibu kwamba huenda aliupatia nyumbani. Alisema hivyo siku ya mazishi, akiwa na udongo kwenye viatu. Soko lake lilikuwa karibu kumponyoka, na hakuwa amejifunza kuachia kitu mkononi kwa sababu tu kinauma.

Baadaye, mchana wa soko kupoa, Punje alikuja. Hakuvuka kamba. Alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni, kopo kwapani, akasubiri mpaka Mizani alipomwendea, wakabaki wametengwa na meza tupu ya mwuza chumvi.

"Pole, dada."

"Nimeshapoa. Umeleta nini?"

"Nimeleta maharage."

"Bidhaa yangu hairudi."

"Najua." Aliweka kopo mezani. "Nilirusha sarafu bila kuchoka. Ubaoni ugonjwa haukuvuka kamba. Nilijaribu kila namna, haukuvuka. Nikadhani nimekosea hesabu. Nikarudia. Halafu nikajiuliza, ni nani anayepita pande zote? Nikaweka harage jeusi. Nikalitembeza kama nilivyotembea mimi, si kwa sarafu. Moja kwa moja, upande mmoja mpaka mwingine, asubuhi likaanzia hapa, jioni likaishia hapa. Ukavuka. Kila nilipojaribu, karibu kila mara, ukavuka." Akavuta pumzi. "Na mwisho ulifika kwenye nafaka."

Mizani alimtazama. Alikuwa amezoea kujua mtu anataka nini kabla hajasema, lakini huyu alikuwa amesimama pale kama mtu aliyeleta mzigo na haoni pa kuuweka.

"Kile kikohozi," alisema.

"Nilidhani ni unga."

"Nijibu kama mfanyabiashara. Ni wewe au si wewe?"

"Inaelekea ni mimi."

"Inaelekea ni kiasi gani? Mimi nipime nini hapo?"

"Zaidi ya hapo hesabu haiendi, dada. Inasema ikiwa mtu kama mimi anapita, mambo kama haya hutokea. Haisemi ni nani alimpa nani. Huenda kweli ni fundi na shemeji yake. Sitajua. Na wewe hutajua."

Mizani alitaka kumkasirikia. Hasira ingekuwa na bei inayoeleweka: angemtukana, angemfukuza, angekwenda kulala akijua nani alimuua mdogo wake. Lakini alikuwa mtu wa kukumbuka mapatano, neno kwa neno, hata yale yanayomgeukia. Alikumbuka roshani na darubini ya kuazima. Alikumbuka kwamba mtu huyu alitaka kukaa juu, mbali, na ni nani aliyemshusha, na jinsi alivyotoka ofisini siku ile akijisifu.

"Ulitaka kubisha," alisema. "Siku ile. Ulitaka kusema kitu."

"Sikuwa nimekijua bado. Nilihisi tu kwamba nikiwa chini sitajiona."

"Kwa nini hukubisha?"

Punje alifikiri kwa uaminifu wake ule wa kuchosha. "Sijui kubisha," alisema. "Kila kitu nakilipa kwanza, halafu ndiyo nahesabu."

Kizimbani watu walikuwa wanayumba kutoka meza hadi meza. Wanakwenda, wanarudi, wanapita walipotoka. Hakuna aliyebeba chai.

"Umemwambia Bwana Afya?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Ukimwambia atafunga."

"Nikimwambia atanitoa mimi, ataacha kamba. Kamba hazikukosea. Nimemwandalia yote. Lakini ukisema nisiende, sitakwenda. Deni ni lako kuamua."

Hii ilikuwa mara ya kwanza Mizani kumwona akitoa bidhaa na kumwachia mnunuzi ataje bei. Angeweza kumwambia anyamaze. Soko lingebaki wazi kwa uongo wake yeye, ule wa shemeji wa karakana na gari la mizigo, mpaka mtu mwingine wa kitambulisho avuke kamba na kikohozi kingine.

"Nenda," alisema. "Mwambie na uongo wangu pia."

Ikawa kama Punje alivyokadiria. Bwana Afya alifoka, akamtazama Mizani kwa muda mrefu, kisha akaacha kamba na kumtoa Punje. Ugonjwa ukazunguka kwenye vizimba vyake, ukachoka. Baadaye masoko ya miji mingine yalifunga kamba vilevile, na kwenye maelekezo yao palikuwa na sharti kwamba afisa wa kufuatilia akae upande mmoja tu, na yeye ahesabiwe. Jina la aliyeligundua sharti hilo halikuandikwa popote. Punje alirudi kufundisha hesabu. Mama yake, walisema, aliacha kulalamika, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi.

Mizani alibaki na soko lake, ambalo halikufungwa hata siku moja. Alipata alichokwenda kukitafuta. Lile birika la mdogo wake alilitundika kwenye msumari nyuma ya meza. Watu wawili watatu walimwomba awauzie, akawatajia bei ambayo hakuna mwenye akili angelipa.

Lakini siku ile ya kopo, kabla Punje hajaondoka, Mizani alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kitambaa cha kwanza. Alipokea bidhaa iliyorudi. Alimimina maharage yale kwenye ungo, akachambua palepale, meupe upande huu, mekundu upande ule, kila mtu na mwenzake. Punje alisimama ng'ambo ya meza akimtazama, bila kusaidia kwa kuwa hakuruhusiwa kusogea. Mizani akarudisha meupe kwenye gunia la meupe na mekundu kwenye gunia la mekundu, akayakoroga kwa mkono mpaka hata yeye asingeweza tena kuonyesha ni yapi.

Kwenye ungo likabaki jeusi.

"Na hilo?" Punje aliuliza.

"Hilo sikukuuzia," alisema Mizani. "Hilo lako."

Akaliweka ukingoni mwa meza ya chumvi, akarudi nyuma hatua. Punje akasogea, akalichukua, akalitia mfuko wa shati, akaenda. Mizani alimfuata kwa macho. Alikwenda moja kwa moja mpaka njia panda, akasimama, akageukia kushoto, akarudi, akageukia kulia.